Katibu wa tawi amehamia idara ya rasilimali watu, na mkewe ndiye anayetuletea fulana za Mei Mosi. Je, abaki?

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Tuko wanachama 450. Mwezi Februari katibu wetu wa tawi alipandishwa cheo na sasa ni ofisa wa rasilimali watu, lakini ameendelea kuwa katibu na ndiye anayeongoza timu yetu kwenye majadiliano ya mkataba wa hali bora. Fulana za Mei Mosi, mwaka wa tatu huu, zinatoka duka la mkewe. Halafu kuna maneno kwamba kila kikao na menejimenti kikiisha, wajumbe wa timu hupewa bahasha ya "nauli". Mwenyekiti anasema hakuna kosa, kwani hakuna aliyeiba na katiba haijakataza. Wenzangu wengi wanataka tujitoe chamani kwa pamoja. Tufanye nini?

JIBU: Ndugu mjumbe, mwenyekiti wako anajibu swali ambalo hakuulizwa. Mgongano wa maslahi hauanzi pale mtu anapoiba. Unaanza pale mtu mmoja anapodaiwa utii na pande mbili ambazo haziwezi kushinda zote. Katibu wenu anaweza kuwa mwaminifu kuliko ninyi nyote na bado akawa kwenye mgongano, kwa sababu tatizo liko kwenye kiti alichokalia, si kwenye tabia yake. Mkilielewa hilo, nusu ya ugomvi itakwisha: hamtalazimika kumwita mwizi ndipo mmwombe aondoke.

Hoja ya "katiba haijakataza" nayo ni ya zamani. Februari 1964, serikali ilipolivunja TFL, shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi, na kuunda chama kimoja, NUTA, kwa sheria ya Bunge, katibu mkuu wa NUTA aliteuliwa na Rais, na Michael Kamaliza alikuwa Waziri wa Kazi na katibu mkuu wa chama kwa wakati mmoja. Hakuna kifungu kilichovunjwa. Sheria yenyewe ndiyo iliyopanga hivyo. Lakini mfanyakazi aliyekuwa na malalamiko dhidi ya sera ya Wizara ya Kazi alitakiwa ayapeleke kwa nani? Mgongano unaweza kuwa halali kabisa na ukabaki kuwa mgongano.

Sasa tutenganishe mambo yako matatu. Umeyaleta kama fungu moja, ila kila moja lina dawa yake, na mkiyachanganya kwenye kikao kimoja mtashindwa yote.

Cheo kipya

Hili ndilo zito. Namba za vifungu nitakazotaja ni za Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kama ilivyotungwa mwaka 2004. Kifungu cha 9 kinasema mfanyakazi wa menejimenti ya juu hawezi kuwa mwanachama wa chama kinachowawakilisha wafanyakazi wa kawaida wa mwajiri huyohuyo. Wengi husoma hapo wakaruka kwa furaha: "Amekuwa bosi, kafutika!" Taratibu. Sheria haiangalii jina la cheo. Inaangalia mambo mawili kwa pamoja: je, mtu huyo anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na je, ana mamlaka ya kuingia mkataba wa hali bora kwa niaba ya mwajiri? Ofisa wa kawaida wa rasilimali watu kwa kawaida hana lolote kati ya hayo. Kwa hiyo uanachama wake huenda ukawa halali, na mkijenga kesi yenu juu ya kifungu hicho peke yake mtaanguka. Ombeni kuona maelezo ya kazi yake mapya kabla hamjaandika neno lolote.

Uanachama ni jambo moja, uongozi ni jingine. Fikirieni anachokishika mikononi kila siku. Tuseme kamati imekubaliana faragha kwamba mnadai nyongeza ya asilimia 12 lakini mko tayari kushuka hadi 8. Hiyo 8 ndiyo siri kubwa kuliko zote za tawi, na sasa inalala kichwani mwa mtu anayefanya kazi katika idara itakayoandika ofa ya mwajiri. Kwa upande wa pili, anaona orodha ya mishahara na anajua mwajiri anaweza kufika wapi, siri ambayo mwajiri naye ana haki ya kulindiwa. Hata asiposema kitu, pande zote mbili zina sababu ya kumshuku.

Nidhamu ni mbaya zaidi. Kwa Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, mwanachama anayeitwa kwenye kikao cha nidhamu ana haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Katika viwanda vingi, idara ya rasilimali watu ndiyo inayoandaa hati ya mashtaka. Kwa hiyo asubuhi katibu wenu anapiga chapa barua ya kumshtaki mwanachama, na mchana anakaa kando yake kumtetea. Mwanachama mwenye akili timamu atakuja kumweleza ukweli wake wote?

Ndiyo maana hapa tamko la maslahi halitoshi. Kutamka na kutoka kikaoni ni dawa ya mgongano unaojitokeza mara moja moja. Huu unajitokeza kwenye karibu kila ajenda: mishahara, zamu, likizo, nidhamu, upunguzaji wa wafanyakazi. Akitoka kila mara, tawi halina katibu. Anapaswa kuchagua, na wajibu wenu ni kumrahisishia uchaguzi huo: anaachia ukatibu na timu ya majadiliano, anabaki mwanachama kama katiba inaruhusu, na muhtasari unaandika kwamba ameachia kwa sababu ya mabadiliko ya majukumu yake ya kazi. Hakuna aibu ndani yake. Matawi mengi hushindwa hapa kwa kutaka kumfukuza mtu ambaye angeondoka mwenyewe kwa barua ya mistari minne.

Akikubali, makabidhiano yafanyike kwa orodha na saini: mhuri, daftari la wanachama, nakala za fomu za makato, mihtasari yote, mawasiliano na mwajiri, nyaraka za benki. Kama naye ni mtia saini wa akaunti ya tawi, benki haitambadilisha kwa maneno. Itataka muhtasari wa kikao unaotaja majina ya watia saini wapya, na mara nyingi barua ya ofisi ya juu ya chama. Jambo hili husahaulika, kisha miezi sita baadaye tawi linagundua kuwa haliwezi kutoa hata nauli ya mjumbe bila saini ya ofisa wa mwajiri.

Fulana

Hapa nitawashangaza wenzako: duka la mke wa katibu kuuza fulana kwa chama si kosa lenyewe. Inawezekana ndilo lenye bei nafuu kuliko yote. Kosa ni katibu kukaa mezani wakati wa kuchagua, kupokea mzigo na kuidhinisha malipo, bila kikao kuambiwa duka ni la nani. Fulana 450 kwa shilingi 12,000 ni shilingi 5,400,000. Bei ikipandishwa kwa 2,000 tu kila fulana, ni 900,000 zimeondoka kwenye ada zenu, na kwenye vitabu kila kitu kitaonekana safi kwa sababu risiti ipo na fulana zilivaliwa.

Dawa yake ni rahisi na haihitaji kumwondoa mtu. Kikao cha kamati kiandike vipimo kwanza, kabla ya kutafuta bei: uzito wa kitambaa, idadi kwa kila saizi, rangi ngapi za chapa, kola au shingo ya duara. Bila vipimo, profoma tatu, yaani hati za bei kabla ya kununua, zinalinganisha embe, nanasi na papai. Watu wawili wasio na undugu na muuzaji yeyote wakusanye profoma tatu. Mwenye maslahi atamke, atoke nje ya chumba, asirudi hadi uamuzi upite. Atakayepokea mzigo awe tofauti na aliyechagua muuzaji, na ahesabu. Malipo yapitie benki, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ibandikwe kwenye hati ya malipo.

Angalieni ujanja mmoja wa kawaida: profoma tatu zenye majina tofauti ila zimetoka mkono mmoja. Linganisheni namba za TIN, namba za simu, mpangilio wa maandishi, hata makosa ya tahajia. Duka la mke linaposhinda miaka mitatu mfululizo dhidi ya maduka mawili ambayo hakuna aliyewahi kuyaona, nendeni mkayatafute mtaani.

Kuhusu miaka miwili iliyopita, ombeni nyaraka kwa utulivu. Kwa kifungu cha 51, chama kinapaswa kutunza vitabu, kufunga hesabu za kila mwaka unaoishia tarehe 31 Desemba, kukaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa, na kufikia tarehe 31 Machi kuwasilisha hesabu na ripoti ya mkaguzi kwa Msajili wa vyama na kwa mkutano wa wanachama au wawakilishi wao. Hesabu hizo na ripoti yake ziko wazi kwa mwanachama kuzikagua ofisini kwa chama. Ripoti ya kitaifa haitaonyesha fulana za tawi lenu, ila itawapa msingi wa kudai mafungu yanayolihusu tawi.

Bahasha

Umeandika "kuna maneno". Maneno hayaingii kwenye muhtasari. Kabla ya kulisema popote, tafuteni majibu ya maswali manne: nani anatoa, kutoka fungu gani, nani anasaini kupokea, na kiasi gani kwa kila mtu.

Mwajiri kugharamia shughuli za uwakilishi si rushwa kila mara. Sheria inampa mwakilishi wa chama muda wa kutosha wenye malipo ili afanye kazi yake. Mkataba wa hali bora unaweza kabisa kuandika kwamba kikao kikifanyika nje ya saa za kazi mwajiri atalipa usafiri kwa kiwango fulani. Basi la Mei Mosi linalobeba wafanyakazi wote kwenda uwanjani nalo linajulikana na kila mtu. Alama za malipo safi ni hizi: yameandikwa, kiwango chake kinajulikana, yanalipwa hata kikao kikimalizika kwa ugomvi, na wanachama wana habari.

Bahasha isiyosainiwa, inayonenepa siku ambayo timu imelegeza msimamo, ni kitu kingine. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamgusa wakala yeyote anayepokea manufaa ili atende au asitende jambo katika shughuli za anayemwakilisha, na hakibagui kama ni ofisi ya umma au kiwanda binafsi. Anayetoa naye yumo. Zaidi ya hapo, sharti mojawapo la chama kusajiliwa chini ya kifungu cha 46 cha ile Sheria ya Ajira ni kuwa huru dhidi ya mwajiri, na Mkataba wa 98 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao nchi hii imeuridhia tangu 1962, unakataza mwajiri kukisaidia chama kwa fedha kwa lengo la kukiweka mfukoni. Mkiwa na ushahidi, TAKUKURU wanapatikana kwa 113 bila malipo. Mkiwa na tetesi tu, pitisheni azimio la mbele: kuanzia leo malipo yoyote kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mjumbe wa timu yatatangazwa kwenye kikao kinachofuata cha kamati na kuandikwa kwenye daftari. Bahasha hazipendi daftari.

Na wakati mko hapo, ulizeni pia kuhusu mikopo. Mjumbe wa timu anayedaiwa na mwajiri mkopo wa hiari, au ambaye mtoto wake ameajiriwa majuzi bila usaili, yuko kwenye kamba fupi kuliko aliyepewa elfu ishirini za nauli. Hata zawadi ya mfanyakazi hodari ya Mei Mosi: kama kamati ya tawi inashiriki kuchagua, mjumbe anayependekezwa asiwe chumbani.

Kulipeleka kikaoni

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanasubiri "mengineyo", saa kumi na mbili jioni, watu wanataka kwenda kupanda daladala, mjumbe anasimama na kulipua. Mwenyekiti anasema muda umekwisha, kikao kinafungwa, na muhtasari hauna neno. Peleka ajenda kwa maandishi, kwa muda ambao katiba yenu inataka, nakala moja igongwe mhuri wa kupokelewa au isainiwe na aliyeipokea. Kichwa kiwe cha jambo, kisitaje mtu: "Matamko ya maslahi ya wajumbe wa kamati na timu ya majadiliano." Kwa kichwa hicho wote watatamka, wewe ukiwemo, na hakuna atakayesema amewindwa.

Katibu ndiye anayeandika muhtasari, kwa hiyo jambo la kwanza kwenye ajenda hiyo ni kumteua mwandishi wa muda. Kisha angalieni akidi. Kama akidi ni wajumbe saba na mko saba, katibu akitoka mmebaki sita, na kutegemea maneno ya katiba yenu uamuzi unaweza kupingwa. Hakikisheni mapema kuna wajumbe wa ziada.

Tamko lenyewe halihitaji ufundi. Linaweza kusomeka hivi: "Mimi, katibu wa tawi, natamka kwamba duka lililowasilisha profoma namba mbili linamilikiwa na mke wangu. Sitashiriki kujadili, kupiga kura, kupokea mzigo wala kuidhinisha malipo yanayohusu ununuzi huu." Muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Bila saa hizo, mwaka kesho hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba hakuwepo.

Msilijadili kwenye kundi la WhatsApp la tawi. Ujumbe mmoja wenye neno "mwizi" unatosha kumgeuza katibu kuwa mlalamikaji na ninyi kuwa washtakiwa, na suala la mgongano likasahaulika.

Mwenyekiti akigoma kuingiza ajenda

Someni katiba ya chama, kwani lazima ieleze namna viongozi wanavyochaguliwa, wanavyoondolewa na rufaa inakwenda wapi. Kawaida ni ngazi ya wilaya au mkoa, kisha taifa. Andikeni, wekeni tarehe, mpeleke kwa mkono na mbaki na nakala. Msiruke ngazi kwa hasira, na sababu ni hii: kifungu cha 53 kinamruhusu mwanachama, au Msajili wa vyama, kuiomba Mahakama ya Kazi itengue uamuzi au uchaguzi uliokiuka katiba, au imwamuru kiongozi aifuate. Ila kabla ya kusikiliza, mahakama itataka kuridhika kwamba taratibu za ndani zimemalizwa, au kwamba kuna sababu ya maslahi ya chama chenyewe ya kutozisubiri. Barua zenu zenye mihuri ya kupokelewa ndizo zitakazojibu hilo.

Msilipeleke CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tume hiyo inashughulika na mgogoro kati ya mwajiriwa na mwajiri. Ugomvi wa mwanachama na chama chake kuhusu katiba una mlango wake, nao ni huo wa Mahakama ya Kazi. Watu hupoteza miezi hapo, kisha wanarudishwa.

Kujitoa wote

Kabla wenzako hawajasaini, wapigie hesabu. Mwanachama anaweza kusitisha makato kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Sawa. Lakini kama kiwandani kwenu kuna makubaliano ya ada ya uwakala chini ya kifungu cha 72, asiye mwanachama ataendelea kukatwa ada hiyo ili mradi chama kina wanachama zaidi ya nusu. Mtalipa na hamtapiga kura. Ada hiyo inatakiwa kukaa kwenye akaunti ya peke yake na kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa eneo hilo la kazi tu, kwa hiyo ulizeni namba ya akaunti hiyo. Jibu litawafundisha mengi.

Mkijitoa wengi kiasi cha chama kushuka chini ya nusu ya wafanyakazi kinaowawakilisha, mwajiri atakipa notisi ya miezi mitatu kurudisha wingi huo, kikishindwa haki ya kuwa msemaji pekee inaondolewa. Maana yake katikati ya majadiliano ya mkataba wa hali bora hamtakuwa na wa kuketi mezani. Chama kipya kinahitaji angalau wafanyakazi 20 kuanzishwa, hilo ni jepesi. Kupata zaidi ya nusu ya kiwanda ndiyo kazi. Na huyo katibu mnayemkimbia atakuwa bado ofisini rasilimali watu, akisubiri mje kusajili fomu zenu kwake.

Mfuatano ninaoupendekeza: wiki hii ombeni maelezo ya kazi mapya ya katibu na nakala ya katiba. Mjumbe mmoja anayeheshimika naye, ikiwezekana mzee wa karakana, akakae naye faragha na kumweleza njia ya barua ya mistari minne. Wakati huohuo ajenda ya matamko ipelekwe. Majadiliano yenu yakiwa yameshaanza, kamati imteue kiongozi wa muda wa timu kwa azimio na kumwandikia mwajiri barua kutaja jina jipya, kisha mbadilishe kile kiwango chenu cha mwisho. Kama ile asilimia 8 ya mfano wangu, kiwango anachokijua katibu hakitakiwi kuwa siri yenu tena.